Pengo la Mama Mkwe Ukutani

Shoga, uko wapi? Acha unachofanya usome hii!

Ule ukuta wa kiwanda kilichofungwa, wifi yangu si kamchora mama yake? Anacheka, mdomo wazi, pengo nje! Mama mkwe yuleyule ambaye tangu apunguzwe kazi hapo hajacheka, na hata zamani akicheka alikuwa anaziba mdomo kwa kiganja.

Mtaa mzima tumejaa pale, mlinzi akaja na ndoo ya chokaa. "Watu wana njaa, nyie mnachora vicheko? Nafuta!"

Wifi kamkazia macho. "Njaa tunayo. Hiyo chokaa yako inalika?"

Inalika! Tulivunjika mbavu.

Kugeuka, mama mkwe huyo! Nikasema leo wifi kaumbuka. Mama akautazama ukuta juu mpaka chini. Mara akampokonya mlinzi ndoo, akaimwaga mtaroni, akaipindua, akaikalia mbele ya ukuta.

"Mwanangu, pengo umelichora dogo. Lipanue. Nataka walionifukuza waone kutoka barabarani kwamba bado nacheka."

Halafu akacheka kweli. Na mkono hakuuinua, shoga. Hakuuinua!