Bata Mzinga Uliyemleta Komarock

Mpendwa Mama,

Sikuiti mama mkwe kwa sababu wewe mwenyewe ulikataza. Siku ya kwanza Wekesa aliponileta kwenu uliniambia, "Mimi ni Mama, basi." Nimelitii hilo hadi leo, ijapokuwa mwanao si mume wangu tena, na wewe ndiye uliyehakikisha.

Wifi Nanjala amenipigia simu. Anasema tangu upooze umekataa chakula cha mkono wowote. Uji wake unautema. Mboga za jirani unazisukuma na ule mkono mmoja uliobaki na nguvu. Ukiulizwa unataka nini, unataja jina langu. Ati nije nikupikie, ati nirudi hapo Nairobi, Komarock, nikae nawe mpaka upate nafuu. Wekesa yuko hapo hapo nyumbani lakini hana mdomo wa kuniomba mwenyewe, na hilo halinishangazi hata kidogo. Nilimwambia wifi nitajibu kwa barua, naye aisome kwa sauti sebuleni, wote mkiwa mmeketi. Si ni wewe uliyenifunza kwamba mambo ya nyumba yenu husemwa mbele za watu?

Nanjala, soma polepole. Usiruke mahali.

Wifi aliponieleza jinsi mdomo wako ulivyoenda upande, Mama, nilicheka. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikaketi kitandani nikalia, na yale machozi yameniudhi kuliko unavyoniudhi wewe.

Unamkumbuka yule bata mzinga? Krismasi ile ulishuka kutoka Bungoma naye ndani ya gunia, kichwa kikichungulia nje, amenuna kama wewe ukikosa chai. Ulikuwa umemlea mwenyewe kwa mahindi na dagaa wa omena mpaka akawa mzito wa kubebwa na watu wawili. Wekesa akamchinja nyuma ya jikoni, mimi nikamnyonyoa kwa maji moto, nawe ukatangaza kwamba atapikwa kwa oveni. Kumbe ulikuwa umewaringia akina mama wa kanisa huko nyumbani kwamba mke wa mwanao ana oveni. Hukuwaambia ni kale kadogo ka kukaa juu ya meza, nilikookea keki za kuuza, ambako hata kuku wa kienyeji alikuwa anaingia kwa kubembelezwa.

Tulijaribu lakini. Nilimsukuma mzimamzima, akaingia nusu, miguu ikabaki nje kama ya mlevi aliyelala mlangoni. Ulicheka hadi leso ikakufunguka. Nami nikacheka. Tulikuwa wawili tu jikoni na tulicheka kama wasichana. Hiyo siwezi kukunyima, Mama, ulikuwa mtamu ukitaka.

Basi ikabidi akatwe. Na kwenu ndege hakatwi kwa panga, mfupa ukapasuka ovyo ovyo. Anakatwa kwa viungo, kila kipande kionekane kwenye sinia, na kila kipande kina mwenyewe. Mapaja ni ya wageni. Mgongo ni wa wanawake. Na firigisi, imondo mnavyoiita, ni ya mwenye nyumba. Asipoila yeye, humpa mwanawe wa kiume, si mtu mwingine. Mke anayeipoteza firigisi anaweza kuambiwa arudi kwao akaulize mamake alimfunza nini. Niliyajua hayo yote. Ni wewe uliyenifunza kwa kuku, mwaka wangu wa kwanza, mkono wako juu ya mkono wangu.

Ulivuta stuli ukaketi kwenye mlango wa jikoni. Nilinoa kisu kwenye kitako cha kikombe. "Hapo siyo," ukasema. "Sukuma mguu nyuma kwanza, usikie umelegea." Ukainuka, ukaushika mguu wewe mwenyewe, ukaupinda mpaka kiungo kikalia, nami nikapitisha kisu katikati. Kano za yule ndege zilikuwa kama waya. Tulizivuta moja moja, wewe upande wako, mimi wangu, mafuta hadi viwikoni. Kidari nilikigawa kwa kufuata ule mfupa laini wa katikati, mbavu nikazifuata pale zinapokuwa laini, na hakuna hata mfupa mmoja niliouvunja. Uliangalia kila kitu. Ukasema, "Mkono kama huu, kuupoteza ni hasara." Mimi mjinga nikadhani nimesifiwa. Sikujua mwenzangu ulikuwa unaniaga.

Siku nzima tukaoka kwa zamu. Mapaja kwanza, yakitoka kidari kinaingia, kisha mabawa na shingo. Mita ya stima ikaanza kulia katikati, Wekesa akakimbia kununua tokeni. Nyumba ilinukia mpaka watoto wa ploti wakawa wanapita dirishani kwetu bila sababu.

Jioni mgeni wako akafika. Nelima, uliyesema ni binti ya binamu yako, na kitoto chake cha kiume. Nilimkaribisha. Nilimpa soda. Kile kitoto nilikifuta makamasi kwa leso yangu mwenyewe, Mama, na wewe ulikuwa umekaa pale ukiniangalia nikikifuta.

Nikaleta sinia. Ukaikagua kipande kwa kipande, ukaridhika. Nikamwekea Wekesa firigisi kwenye sahani yake, kama ipasavyo. Wewe ukanyoosha mkono, ukaichukua, ukaiweka kwenye sahani ya mtoto wa Nelima.

"Mwenyewe ni huyu," ukasema.

Hakuna aliyeuliza swali. Ndipo nikajua kwamba wote mlijua. Nanjala, wewe uliangalia dari, endelea kusoma. Wekesa aliangalia televisheni, na televisheni yenyewe ilikuwa imezimwa. Mimi niliangalia paji la uso la yule mtoto, nikaona la Wekesa limebandikwa pale vile vile lilivyo. Miaka yote ile nikinywa dawa zako za mizizi, chungu kama nini, nikiombewa, nikipimwa mimi peke yangu, kumbe mtoto alikuwa ameshaanza hata kuota meno.

Kisha ukaniambia, "Ongeza ugali." Nami nikaenda nikaongeza. Haki ya Mungu, nikaongeza.

Nikuambie kinachoniuma, kwa sababu najua unadhani ni Nelima. Si Nelima. Mtoto ndiye kabisa hana kosa. Kinachoniuma ni kwamba ulikuwa nami jikoni tangu asubuhi. Ulikuwa umeshika mguu wa yule ndege na mimi nimeshika kisu, tukipumuliana usoni. Ungeniambia pale. Ningelia, ungenishika, tungemaliza kukata. Lakini ulitaka nyama iive kwanza. Ulitaka upikiwe vizuri halafu ndipo unifukuze, na mimi sijawahi kuona ukatili wa namna hiyo kwa mtu anayesali kila asubuhi.

Sasa nasikia Nelima hakustahimili hata majuma machache ya kukubadilisha shuka. Amefunga mizigo, amekwenda na mtoto. Pole. Hapana, si pole. Vizuri sana. Nimeandika hivyo na sifuti.

Lakini nisikufiche. Wifi alipokata simu nilitoa begi chini ya kitanda. Nikaweka leso mbili, sweta, na kile kisu changu. Nikavaa viatu. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, nikiwaza nitakuanzia na uji wa wimbi uliochachuka, mwepesi, ule unaoupenda, kisha supu, kisha taratibu nyama laini niikatekate kwa kisu iwe kama ya mtoto. Ningekupikia vizuri, Mama. Huo ndio ukweli, mkono wangu haujui kukupikia vibaya. Ungekula. Ungepata nguvu. Ungeinuka.

Na siku ambayo ungeinuka, ungempigia Nelima simu arudi.

Nilisimama na begi mkononi nikijaribu kujiambia kwamba hungefanya hivyo. Nilijaribu kweli. Nikashindwa, kwa sababu nakujua.

Kwa hivyo nimevua viatu. Wifi, ukimaliza kusoma mfute machozi kama yapo, umkalishe wima, umpe uji kidogo kidogo upande ule wa mdomo unaofanya kazi. Nawe Mama, fungua mdomo, ule. Usife njaa ukiningoja.

Siji.

Kaa salama,
Mimi, aliyekuwa mke wa mwanao