Tairi Lililokataa Kukaa

Marafa

Dadangu mpenzi Mbodze,

Kabla sijakuuliza hali, acha niseme nililolificha, maana nikianza na salamu nitafika mwisho wa karatasi bila kulitaja. Siku ile Mama aliponiita, mto Sabaki haukufurika. Daraja lilikuwa linapitika. Nilikudanganya mbele ya maiti, nawe ukaniamini.

Sasa nakusalimu. Magoti yako yanaendeleaje? Mimi kifua kimenibana, hata kijiko nakiona kizito, na barua hii leo ni siku ya tatu naiandika. Mke wangu Kadzo ananinywesha uji kama mtoto.

Unakumbuka nilipostaafu ualimu, mwaka wa pili baada ya ile njaa ya mahindi ya njano, nikanunua pikapu. Matairi yake hayakuwa na tyubu. Upepo unashikwa na ukingo wa tairi wenyewe, ukiwa umekaa sawasawa kwenye rimu. Hapa Marafa hakuna aliyekuwa ameyaona. Niliyasifu mno, Mbodze. Nilisimama dukani nikiyaeleza kama niko darasani.

Tairi moja likachomwa na mwiba. Nikalitoa mwenyewe, nikalitia kiraka kwa ndani, lakini kulirudisha likakataa. Asubuhi ya pili nilikuwa bado uani nikipiga pampu ya mguu, utingo wa basi akaniletea ujumbe wako: Mama amezidiwa, anataka aniachie radhi kwa mkono wake. Basi lenyewe lilikuwa linakwenda Adu, kurudi ni kesho. La kunifikisha kwenu lilikuwa gari langu tu.

Nikapiga pampu. Upepo ukaingia huku ukatokea kule. Nikapaka sabuni. Nikalizungushia kamba na kuikaza kwa kijiti, kijiti kikavunjika. Nikalidundisha chini, nikalitukana matusi ambayo wanafunzi wangu hawakuwahi kuyasikia kwangu. Halikukaa.

"Mwalimu, unajaza upepo kwenye tenga," akasema Kazungu, jirani yangu, fundi wa baiskeli. Watu wakacheka.

"Tairi hili lina sayansi yake."

"Basi sayansi ikupeleke Rabai!"

Kadzo akanisogelea. "Baba Karisa, mavyaa anangoja."

"Nawe wataka kunifundisha?" Nilimkemea mbele za watu, vidole vyangu vikitoka damu.

Saa nane mchana ukingo ukaruka ukakaa mahali pake: pa! kisha pa! Nikapiga makofi, peke yangu. Hakuna aliyenifuata.

Nilifika kwenu Rabai jua linazama, nikakuta mmeshamfunika. Ukanieleza kwamba alikata roho alasiri, na kwamba tangu adhuhuri, kila gari liliponguruma barabarani, aliuliza, "Si Chengo huyo?" Nawe ukamjibu kila mara, "Yuko njiani, Mama." Ukaniuliza kilichonichelewesha. Nikasema mto.

Miezi yote hii umekuwa ukiulaani mto ule. Ukija kunizika utauvuka, nami sitaki uutazame kwa chuki isiyoustahili.

Msalimie shemeji yangu, mumeo, aliyenipokea mzigo siku ile bila kuuliza neno. Msalimie na mwanao mkubwa, aliyerithi jina langu. Asirithi zaidi ya hapo. Mjomba, aliyesimamia kaburi, msomee barua hii polepole, maana masikio yake nayajua. Wasomee wote. Niliudanganya ukoo mzima, si wewe peke yako. Kadzo anakuamkia.

Limebaki moja, ambalo hata yeye hajalitamka tangu siku ile. Saa nne asubuhi, ujumbe wako ukiwa umeingia punde tu, Kazungu alikuja na tyubu nzima, kipimo cha tairi lile, akachutama aitie. Ingekuwa kazi ya nusu saa. Nilimnyang'anya nikaitupa nje ya ua, kwa sababu nilikuwa nimeshawaambia watu kwamba tairi langu halitiwi tyubu.

Kaka yako,
Chengo