Mnyororo Mpya, Meno ya Zamani

Jumatano, 8 Oktoba 1986

Habari kutoka barabara ya Bafwasende: mguu wa Tonton Hilaire umevimba mpaka gotini. (Kwenye karatasi za serikali ana jina lingine, la asili. Nyumbani kwetu amri ya kuacha majina ya Kizungu haijafika.) Ndiye mjomba aliyenilea. Malori hayatembei, mafuta ya mazuti hakuna. Donc baiskeli yangu, velo hii, ndiyo itamleta hospitali hapa mjini.

Nimevuta mnyororo kwa kidole, pale mbele kwenye meno makubwa. Umeinuka, nikaona mwanga katikati. Umelegea tena. Nimekata kiungo kimoja kama kawaida, umekaza. Fundi Abdulhamid amecheka: "Papa, unamunyoa nywele mutu wa malaria."

Ijumaa, 10 Oktoba

Shemeji Kasongo ametoka Bunia kwa ndege na mnyororo mpya, bado una mafuta ya kiwandani. Abdulhamid hakuusifu. Amepapasa meno ya nyuma — yamepinda kama kucha za kuku.

"Shene mupya na meno muzee, itaruka. Acha ile ya zamani ibakie, zimezoeana. Ama ungojee meno mupya."

Nimemuuliza: iko wapi?

"Haiko. Maduka ya Makiso yote haiko."

Mke wangu Philomène alikuwa mlangoni, akaniita: "Papa Nyota, mutu anangojea na mguu, wewe utangojea meno?"

Nimeweka mpya. Ule wa zamani Philomène amefungia mbuzi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Salongo, kazi ya lazima ya serikali. Tumefyeka mtaro uleule wa wiki iliyopita. Majani nayo yana nidhamu, yalirudi kazini kabla yetu.

Baadaye nimejaribu velo kule Simi-Simi, mahali tambarare. Kimya, laini. Nimempitia Abdulhamid nimwonyeshe. Hakuinua kichwa.

"Ulibeba nani?"

Sikubeba mtu.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimefika kwa Tonton. Kwenye vilima mnyororo uliruka kidogo. Nimejiambia ni mchanga.

Ngozi ya mguu inang'aa. Paji la uso ni moto. Ameizunguka velo kwa macho, akauliza tu: "Breki iko?"

Safari ya hospitali hakuiulizia.

Jumatatu, 13 Oktoba

Tumeondoka kumepambazuka. Tambarare, sawa. Kilima cha kwanza nimekanyaga kwa nguvu — kra! Pedali imekwenda bure, goti langu limegonga usukani. Tena. Tena. Mnyororo unapanda juu ya meno, haukai. Nimeshuka, nimemsukuma Tonton akiwa juu, mguu ukining'inia, matope mpaka kwenye vifundo.

Tumepumzika kileleni. Mbele naona kilima kingine, chekundu, kirefu kuliko hiki. Na mjini kuna mbuzi mmoja aliyefungwa vizuri sana.

Tonton ananiita. Ameshuka peke yake, amejikatia fimbo. Kwa mkono mwingine ameshika kiti cha nyuma.

"Alors, wewe vuta. Mimi nitasukuma."

Nimemwambia apande.

Hapandi.