Rozari Nyuma ya Pazia

Jumapili, 4 Mei

Mabenchi sebuleni, sofa uani, kama kila Jumapili tangu tujitenge na kanisa kubwa. Mchungaji alitukataza kusali majumbani, utadhani Mungu ni wake peke yake. Leo mtaa mzima wa Kambarage umejaa kwangu. Mama mkwe chumbani, nyuma ya pazia, na rozari yake. Mkatoliki wa Ushirombo huyo, haambiliki. Katikati ya mahubiri sauti ikapenya: Salamu Maria. Watoto wakacheka. Mwinjilisti Masanja hakucheka.

Jumanne, 6 Mei

Masanja kaja na wazee wawili. Wanasema rozari haikai nyumba moja na ibada yetu. Ama bibi anyamaze, ama arudishwe Ushirombo. Kule kuna nani wa kumpikia? Nilitaka kuuliza sisi tulijitenga kwa ajili ya nini. Nikasema nitafikiri. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatano, 7 Mei

Nimempigia mume wangu, yuko machimboni Geita. Eti niamue mwenyewe, ila mama yake asilie. Rahisi kusema ukiwa mbali. Nina hasira na wote. Lakini Masanja ndiye aliyenifundisha kujisomea Biblia bila kumsubiri mchungaji. Nikimkosa, nitasali na nani? Kanisa kubwa sirudi ng'o.

Ijumaa, 9 Mei

Huu ni mwezi wa Bikira Maria, jumuiya yake ya Kikatoliki ilikuwa ije kusali rozari naye leo. Hawakuja. Kumbe kawazuia mwenyewe. Nikachungulia: midomo inacheza, sauti hakuna. Nikamuuliza, mayu, mama yangu, koo linauma?

"Sitaki wenzako wakufukuze kwa ajili yangu, mwanangu."

Alisikia yote Jumanne. Nimekwenda uani kulia. Uji ukaungua.

Jumamosi, 10 Mei

Nimemwambia Masanja aje achukue mabenchi. Akauliza kama nimegeukia sanamu.

"Kule tulikatazwa kusali nyumbani," nikamwambia. "Na wewe unakataza nyumbani kwangu."

Akasema sisi tuna kweli, Wakatoliki hawana. Nami naamini hivyo, sitajidanganya. Ila mama mkwe simfukuzi. Mabenchi yameondoka na mkokoteni.

Jumapili, 11 Mei

Sofa iko ndani. Wanasali nyumba ya tatu, nyimbo nazisikia. Natamani mno. Hakuna aliyenipitia. Nimesoma Zaburi peke yangu, ikanishinda kumaliza.

Nikafungua pazia, nikamwambia mayu apaze sauti. Alikuwa katikati ya rozari. Akaanza upya. Sikuitikia, rozari siiamini. Nilikaa ukingoni mwa kitanda mpaka akamaliza.