Vioo vya Binti Yako

Nyumba Na. 14, Mtaa wa Alder,
Pine Rapids, Ontario,
Kanada.
21 Septemba 1958

Mpendwa Shangazi Effie,

Shikamoo, Shangazi. Goti lako linaendeleaje? Najua baridi ya huko kwenu Kirkcaldy ikishaanza kupanda kutoka baharini haina huruma na mifupa, na wewe hutaki kukaa karibu na moto kama watu wengine. Sisi huku ni wazima. Mke wangu Jocelyne amepona kikohozi. Yeye ndiye aliyenilazimisha nikuandikie leo baada ya ibada, na amekaa hapa mbele yangu anamenya matufaha ili nisitoroke.

Soksi zimefika, asante sana. Za kijivu zimenikaa vizuri. Zile za kahawia nadhani ulipozifuma ulikuwa unakumbuka miguu ya marehemu baba.

Umeniuliza kama mimi na Marsali tumegombana. Unasema binti yako siku hizi akiandika ananitaja kwa heshima mno, na wewe unamjua, akianza kumheshimu mtu basi kuna jambo. Hukukosea. Wewe ndiye uliyetulea sote wawili katika nyumba moja, kwa hiyo nitakueleza ilivyokuwa, hata pale nisipopendeza.

Unakumbuka kwamba mimi ndiye niliyemwombea kazi hapa. Siku niliyokwenda kumpokea stesheni nilijiona mkubwa kweli. Nilimtembeza kila mahali. Nikamwonyesha kinu cha nyuklia, kisha nikampeleka kwenye kazi yangu mwenyewe, matangi ya chuma. Fito za urani zikishatumika kinuni, huyeyushwa kwenye asidi, na baada ya hapo yanabaki majimaji makali yenye mionzi ambayo huwezi kuyamwaga popote. Tangu nifike nchi hii natafuta chuma cha kuyashika majimaji hayo bila kuliwa. Marsali akayatazama matangi yangu, akagonga moja kwa kidole.

"Na chuma kikichoka, kaka?"

"Tunajenga tangi jingine."

"Halafu na wajukuu zako wajenge jingine?"

Nilicheka, lakini lilinichoma.

Haukupita muda akaja na wazo lake. Kuna jiwe jeupe linachimbwa vilimani huku. Yeye alilisaga unga, akauchanganya na yale majimaji na chokaa kidogo, akayeyusha vyote kwenye tanuri mpaka vikawa kioo cheusi, ukubwa wa mkate. Mionzi inabaki humo humo ndani ya kioo, imefungwa. Kioo hakishiki kutu. Unakizika mchangani na kukiacha.

Bwana Orde, mkuu wa idara yetu, alipenda wazo hilo kama mtu aliyeota dini mpya. Banda la tanuri ambalo nilikuwa nimeliomba kwa ajili ya chuma changu akapewa Marsali. Meza ya dirishani, inayotazama mto, akapewa Marsali. Nikienda dukani kununua misumari, muuza duka ananiuliza, "Wewe ndiye binamu yake yule dada wa vioo?" Mimi, Shangazi! Niliyefika hapa wakati mtaa huu bado ni visiki vitupu.

Jumapili alikuwa anakuja kula kwetu. Jocelyne anapika supu yake ya njegere, na binti yako anakula sahani mbili huku anasimulia tanuri, tanuri, tanuri. Mimi nakata mkate. Siku moja alipoondoka Jocelyne aliniambia, "Ranald, mkate ule ulikukosea nini? Umeuchinja."

Sasa sikiliza. Mwezi wa tano wakubwa wa serikali kutoka Ottawa walitangaza wanakuja kushuhudia vioo vya kwanza vikizikwa. Mahali palipochaguliwa ni uwanja wa mchanga juu ya ziwa, na ziwa hilo ndilo linalojaza mto tunaokunywa mji mzima. Kwa hiyo ilitakiwa vipande vichache vilowekwe kwenye maji kwanza, halafu maji yapimwe kama yamebeba mionzi. Kazi ya kupima akapewa mtu asiyehusika na vioo. Nikapewa mimi.

Vipande vilipokwisha kulowa nilichota maji yake, nikayaweka chini ya kipimaji, kile kidude kinacholia tik kila kikikuta mionzi. Maji safi hulia polepole, kama mtu anayesinzia huku akigonga meza. Maji yale yalilia kama mvua inayoanza kwenye bati.

Kioo kilikuwa kinavuja.

Nikuambie kilichonijia kwanza? Si hofu ya mto. Ilikuwa furaha. Nilitabasamu peke yangu mule chumbani, na nilipojiona kwenye kioo cha dirisha na ile sura, nikaogopa. Maana kama nilikuwa natamani hivyo kivuje, nani ataniambia kwamba masikio yangu hayanidanganyi? Nikavuta kipande kwa koleo ndefu, nikakitazama kupitia kioo kinene cha kinga. Niliona nyufa nyembamba kama nywele. Lakini jana yake sikuziona. Je, zilikuwepo, au nilizitaka ziwepo?

Nikarudia kupima. Bado sikujiamini. Nikamwita mwenzangu wa chumba cha pili, nikampa chupa zisizo na alama, baadhi zina maji ya bomba na baadhi maji ya vioo, nikatoka nje ili asinisome uso. Alipomaliza alikuwa amezitenga zote sawasawa.

Nilimkuta Marsali bandani anaimba mbele ya tanuri.

"Vioo vyako vinavuja," nikamwambia.

Akaweka koleo chini. "Umeingoja sana siku hii, sivyo?"

"Ndiyo. Lakini vinavuja."

"Vyangu vya kwanza havikuvuja hata tone. Nilivipima mwenyewe."

"Vya kwanza ulivipoza vipi?"

Hapo akageukia tanuri. Vya kwanza aliviacha vipoe ndani ya tanuri kwa utaratibu. Hivi vya wageni alivitoa vikiwa bado vya moto, kwa sababu Bwana Orde alitaka vingi na kwa haraka, na tanuri ni moja. Unajua sahani ya moto inavyopasuka ukiitia kwenye maji ya baridi.

Nilikwenda kwa Bwana Orde mwenyewe. Alinisikiliza huku anasafisha kiko chake.

"Ranald, tuongee kama watu wazima. Hapa kila mtu anajua unavyomwonea wivu yule msichana."

"Kweli namwonea, bwana."

"Basi?"

"Basi kipimaji hakimwonei. Twende ukasikilize."

Hakuja. Alisema wageni wameshapanda treni na shimo limeshachimbwa. Nilirudi nyumbani nikamwambia Jocelyne nimefanya nilichoweza. Akaniuliza, "Na maji ya chai yako utayachota wapi?"

Siku yenyewe tulisimama kwenye ule mchanga, mbu wametukalia, wageni wamevaa viatu vya mjini. Bwana Orde alitoa hotuba, kisha akamkaribisha Marsali. Mimi nilikuwa nyuma kabisa. Nilikuwa nimeamua kwamba akinyamaza nitapaza sauti, ingawa nilijua watakachosikia ni wivu tu.

Binti yako alivua kofia. Alisema, "Leo hatuziki kitu. Vipande hivi vina nyufa na vinavuja. Nimevipima tena mwenyewe. Aliyegundua ni binamu yangu Ranald Moncur, yule pale nyuma. Aliyeviharibu ni mimi, kwa kuharakisha kuvipoza."

Bwana Orde aligeuka rangi ya chokaa. Mbu tu ndio waliokuwa na la kusema. Halafu mzee mmoja wa Ottawa akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Mzee yule alimshika Marsali mkono akasema mtu anayesema "nimekosea" mbele ya shimo lililokwisha kuchimbwa ndiye wa kukabidhiwa mambo haya. Wakampa tanuri la pili na watu wa kumsaidia. Mimi wakanitikisia kichwa.

Umeona, Shangazi? Nilikuwa sahihi, yeye amekosea, na makofi akapigiwa yeye. Zamani nilimwonea wivu kwa kufaulu. Tangu siku hiyo namwonea hata kwa namna anavyokosea. Mimi ningekosea nikiwa nimejikunja, nikitafuta wa kumsingizia. Yeye alikosea akiwa amesimama wima.

Halikuishia hapo. Alipoambiwa achague wasaidizi, jina la kwanza alilotaja lilikuwa langu. Nilimfuata nikamuuliza kama ananidhihaki.

"Hapana," akasema. "Wote hawa wananipenda. Nahitaji mtu mmoja anayetamani nishindwe, halafu asiweze kudanganya."

Nilikaa siku kadhaa bila kumsemesha. Kisha nikakubali. Nani mwingine angesema ukweli huo kunihusu?

Majira yote ya joto tumefanya kazi pamoja. Sasa vioo vinapozwa polepole. Tumeviloweka kwenye maji ya mto, maji ya moto, maji yenye asidi. Mimi ndiye ninayesikiliza. Wiki iliyopita tumevizika. Asubuhi ya kuzika nilipima maji kwa mara ya mwisho, peke yangu, mlango nimeufunga. Nilisikiliza, Shangazi, na nakuapia nilitamani tik moja tu ya ziada, moja tu ya kunipoza moyo. Kipimaji kikalia polepole, kama mtu anayesinzia. Nikafungua mlango, nikamwambia, "Zika."

Hatujagombana, basi. Binti yako ana afya, anakula, amejifunza kuteleza kwenye theluji bila kuanguka sana. Wewe mwenyewe jivunie. Ila usimwandikie kwamba nimemsifu.

Nisalimie binamu Colin na mkewe Greer, mbusu mtoto wao Struan, na mwambie Bibi Nan wa nyumba ya pili kwamba mbegu zake za kabichi zimeota hata kwenye mchanga wetu huu. Jocelyne anakusalimu kwa mikono yenye maji ya tufaha. Mungu akupunguzie maumivu ya goti, akupe kuni kavu na wageni wenye habari njema mpaka theluji iyeyuke.

Ni mimi, wako akupendaye, mwana wa kaka yako,

Ranald