Chiriku Ameuza Ngapi?

3 Machi

Shikamoo Baba,

Hujambo huko? Miguu bado inakusumbua? Mimi mzima, ila mikono imechubuka kwa sabuni. Hapa dobini tunafua mashuka ya hoteli tatu, na mashine zinanguruma hata hakuna anayesemeshana na mwenzake. Nikirudi chumbani, niko na kuta zangu nne. Juzi nilikupigia mara nne, hukupokea.

Haya, tugombane. Wimbo mpya wa mwimbaji wetu Chiriku ulianza namba moja kwenye chati, wiki ya pili umeporomoka hadi namba kumi na tisa! Meneja wake anamponza. Anatoa wimbo mmoja mmoja, na albamu mpaka Julai. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Angeachia albamu nzima kwa mpigo.

Mwanao,
Kitinda

19 Machi

Marahaba Kitinda,

Barua yako imenichangamsha. Miguu haijambo. Paka mafuta mikononi kabla ya kulala. Simu yangu inakwaruza, tuandikiane tu.

Kuhusu Chiriku umepotea, na nilikulea mwenyewe kwenye karakana ya redio! Bandu bandu humaliza gogo. Ukimpakulia mtu sufuria zima, anashiba na kumsahau mpishi. Gazeti linasema ameuza nakala elfu arobaini kwa wiki mbili. Huko ndiko kuporomoka? Kosa lake ni moja: haendi kuimba miji midogo.

Baba yako

11 Aprili

Shikamoo Baba,

Nakala! Nani ananunua nakala siku hizi, mzee wangu? Watu wanasikiliza kwenye simu, kesho wamehamia kwa mwingine. Nilijaribu kumweleza mwenzangu wa zamu habari za Chiriku, akatikisa kichwa, akaendelea kukunja mashuka. Kwa hiyo wa kubishana naye ni wewe tu.

Wimbo wa tatu umetoka wiki hii. Umeusikia? Unauonaje?

Mwanao,
Kitinda

2 Mei

Marahaba mwanangu,

U mzima? Mimi nipo. Wimbo wa tatu ni moto wa kuotea mbali! Sauti yake imekomaa, hasa pale mwishoni anapopanda juu. Utauza kuliko ile miwili, andika ukutani.

Baba yako

20 Mei

Shikamoo Baba,

Wimbo wa tatu hauna sauti. Ni gitaa na kinanda tu, dakika tatu, Chiriku haimbi hata neno. Ndiyo maana mashabiki wamechachamaa.

Kama umechoka na mimi, sema. Kama bado una kinyongo kwamba niliondoka hata arobaini ya mama haijaisha, sema pia. Lakini usinidanganye.

Kitinda

30 Juni

Mwanangu,

Natumaini mikono imepona. Barua hii nimeianza mara nyingi na kuichana.

Sina kinyongo. Sisikii. Sikio la kushoto lilikufa mwaka juzi, la kulia likafuata baada ya wewe kuondoka. Daktari amesema ndiyo basi. Nilikuwa naweka kiganja juu ya spika ili nijue kama redio inaongea. Siku moja mteja akarudi na redio yake, mishipa ya shingo imemtoka, naona mdomo tu unafunguka. Nikafunga karakana.

Chiriku sijamsikia mwaka huu wote. Lakini mauzo yanaandikwa gazetini, na kusoma bado nasoma. Niliogopa nikikwambia, utaacha kunibishia, utabaki kunihurumia. Na nyumba hii hakuna mwingine wa kunibishia.

Nisamehe.

Baba yako

14 Julai

Shikamoo Baba,

Barua yako niliisomea juu ya lundo la mashuka. Msimamizi akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, ila baba yangu yuko peke yake. Amenipa ruhusa ya wiki tatu.

Albamu imetoka na imedoda. Nilisema mimi! Na usinitajie miji midogo, isingemwokoa. Huruma kwenye hilo hupati.

Nafika Jumamosi ya kwanza ya Agosti, mchana. Ufunguo wa mama ninao. Kaa umeelekea mlango, Baba, nisije nikakushika bega ukashtuka.

Mwanao,
Kitinda