Kidonda cha Fundi wa Lipu

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa wote tulio chini ya paa hili. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umelala vya kutosha baada ya mitihani na umeanza kula chakula cha maana. Sisi tunaendelea. Mama anakohoa kidogo, cherehani yangu imekatika mkanda, na baba yupo. Ni kwa ajili ya baba nimeshika kalamu. Kwenye simu ningesikia sauti yako nikaanza kulia, na unanijua, nikianza sinyamazi.

Unakumbuka alikanyaga msumari kazini na hakuusikia. Muuguzi wa vidonda, ambaye baba alimbandika jina la Bibi Koleo kwa sababu ya kile kibanio chake cha kushikia shashi, alituambia kwamba ngozi inayokandamizwa kila siku hujiongeza unene ili ijilinde. Sugu ya kisigino, aliyoipata kwa miaka ya kupanda ngazi, ndiyo iliyouficha msumari, na kisukari kikamnyang'anya maumivu. Alishinda nao kutwa nzima akipiga mluzi.

Kidonda kilikuwa kirefu kwenda ndani. Kila asubuhi Bibi Koleo alikijaza shashi, akatueleza kwamba kidonda cha namna ile mwili hukijaza wenyewe kuanzia chini, nyama changa nyekundu kidogo kidogo, ndipo ngozi itambae kutoka pembeni. Shashi inazuia mdomo usifunge wakati ndani bado kuna uwazi. Baba alifurahi kupita kiasi. Alimwambia hiyo ni lipu kabisa, na kwamba amewafukuza vibarua wengi kwa kosa la kupaka juu kabla ya kujaza chini. Tangu hapo wakawa marafiki, kutaniana hakuishi.

Lakini kazi ilikwenda polepole. Paja la mguu mgonjwa likasinyaa kwa kukosa shughuli, mikono nayo ikajaa misuli kwa sababu ya magongo, mama akamtania kwamba juu ni bondia na chini ni korongo. Halafu ukapiga simu ukasema kidonda kisipofunga kabla ya mitihani, unaacha chuo uje umuuguze.

Baada ya simu hiyo kikafunga haraka ajabu. Bibi Koleo alikuwa likizo, na baba alishasema atajibadilishia shashi mwenyewe. Picha tulikutumia, ngozi imeshikana vizuri, ukapiga vigelegele, ukabaki chuoni. Nasi tulishangilia. Bibi Koleo aliporudi alikibonyeza kwa kidole, akakifungua upya. Chini kulikuwa na usaha, na ulikuwa umeshafika kwenye mfupa.

Dada, kama umesimama, kaa. Mguu wa baba umekatwa, chini kidogo ya goti. Ndiyo maana kila ulipomwona kwenye simu alikuwa kitini na shuka mapajani. Alituapisha tusikwambie mpaka matokeo yatoke. Jana yametoka, umefaulu, naye akalia kwa furaha hadi mama akaingiwa na hofu.

Kuna jingine, na hili ndilo zito zaidi. Nilimuuliza ilikuwaje kidonda kikafunga ghafla vile. Hakuzungukazunguka. Alisema hakuwa akiingiza shashi, alikuwa akifunga bandeji juu tu. Nikamuuliza kama alisahau maelekezo. Akasema fundi hasahau kitu kama hicho. Alijua ndani kuna uwazi, ila alitegemea kidonda kitavumilia hadi wewe umalize mitihani. Alisema hiyo ndiyo lipu mbovu pekee aliyowahi kuipaka kwa makusudi.

Sikuandikii ili ujilaumu. Nina hasira naye, na nampenda, na siku nyingine nashona huku machozi yananidondokea kwenye vitambaa vya wateja. Nimeandika kwa sababu unakuja, na sitaki ushtuke mlangoni mbele yake.

Unakumbuka tukiwa wadogo alivyokuwa akitupeleka kwenye ukuta aliomaliza, anatuziba macho, anatuambia tupitishe kiganja tuseme kama tumehisi kinundu? Sasa anafanya hivyo kwa kigutu chake. Safari hii kimejazwa kuanzia chini, hakubali mtu akiharakishe. Atakuomba upitishe kiganja. Usirudishe mkono. Mimi niliposhika nilisema ni laini kabisa, akajua nadanganya, akageuza uso. Upande wa kushoto, kwenye kovu, kuna kinundu. Ukikigusa, mwambie.

Mama anakusalimu sana na anasema usihangaike na zawadi. Bibi Koleo pia anakusalimu. Baba hajui kama nimekuandikia, kwa hiyo salamu zake utazipata kwake mwenyewe. Safiri salama.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba